Shukrani kwa Makao Yaliyotupokea

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mombasa





Mmekwisha kusikia hesabu ya Mtunza Hazina. Katika hesabu ile, kama ilivyo kila mwaka, fungu kubwa kuliko yote ni la kuwasafirisha marehemu wetu kwenda kuzikwa katika vijiji walikozaliwa. Jambo hili ni jema. Ni katika mambo ya kwanza yaliyowafanya wazee wetu kuunda Chama, kwa sababu mtu akifa ugenini pasipo jamaa wa kumsitiri ni aibu kwa wote walio hai. Lakini mtu akiisoma hesabu hiyo pasipo kutujua atadhani kwamba maisha ya mwanachama yana mahali pawili tu: kijiji alikozaliwa, na gari linalomrudisha huko. Ile miaka thelathini au arobaini iliyo katikati haina mstari katika daftari. Si kosa la mtu yeyote, maana kanuni ziliandikwa kwa haja ya siku zile. Walakini Halmashauri imeona yafaa leo tulizungumze jambo hili la makao, na shukrani tunayowiwa nayo na mahali tulipopaita nyumbani.

Hapa Mombasa swali moja huulizwa kila siku, barazani, hospitalini, na hata ofisini kwa Chifu: "Kwenu wapi?" Aghalabu sisi hujibu kwa kutaja mahali tulipopaacha tukiwa vijana. Mmoja husema Wundanyi, mwingine Kaloleni ya Giriama, mwingine Kitui, mwingine Siaya. Jibu hilo ni la kweli, na asiwepo mtu wa kulionea haya, kwani mwacha asili ni mtumwa. Lakini si jibu kamili. Yule aliyezaliwa Wundanyi ameishi Majengo, kisha Changamwe, kisha Kisauni. Watoto wake wamezaliwa hapa, na wengine wamezikwa hapa. Lugha yetu ya Kiswahili yajua jambo hili, kwa maana mtu husema "kwetu" hata akiwa anasema peke yake. Mahali hapawi kwetu mpaka pawe na watu wengine waliotukubali kukaa nao.

Kama tukitaka kujifunza namna ya kuwa na kwetu kuwili au kutatu bila ya kukana hata kumoja, hatuna haja ya kwenda mbali. Wenyeji wa kisiwa hiki wametutangulia katika somo hilo. Wote mmesikia habari za Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Tuyatazame majina haya vizuri. Sehemu yake kubwa ni majina ya mahali. Wapate walitoka kisiwa cha Pate. Wamtwapa walitoka Mtwapa, mji ambao leo ni magofu ng'ambo ya kaskazini. Wakilifi walitoka Kilifi. Washaka walitoka Shaka, upande wa mlango wa Mto Tana. Wakilindini walikuwa na mji wao upande wa magharibi wa kisiwa hiki hiki, na jina la mji huo ndilo inaloitwa bandari yetu kubwa hivi leo.

Watu hao waliacha miji yao kwa sababu za vita, njaa, ukosefu wa maji, au kutafuta biashara. Walipofika Mvita hawakuyatupa majina ya makao yao ya zamani. Waliyachukua yakawa majina yao wenyewe, wakawapa watoto wao, na watoto wakawapa wajukuu. Wala hakuna aliyewaambia kwamba Mpate hawezi kuwa mtu wa Mombasa kwa sababu ajiita Mpate. Basi shukrani yao kwa nyumba ya kwanza haikuwazuia kuipenda nyumba ya pili. Twawaomba wanachama walitie jambo hili moyoni, hasa vijana wanaodhani kwamba kuipenda Mombasa ni kuwasaliti babu zao.

Sifa ya kisiwa hiki katika kupokea wageni ni ya zamani sana. Mwaka 1331 alipita hapa msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika Morocco, akiwa njiani kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Lakini katika usiku huo mmoja aliona yaliyompendeza. Aliandika kwamba wenyeji walikula ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kutoka pwani ya bara. Akaandika kwamba walikuwa watu wa dini na amani, na misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Na hakusahau visima. Asema kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vifupi, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kuchotea maji, ili mtu aoshe miguu yake kabla ya kuingia. Zaidi ya miaka 600 imepita, na habari ya chombo kile cha maji yangali yasomwa duniani. Mgeni hasahau mahali alipopewa maji.

Hata hivyo tusidhani kwamba kisiwa hiki kimekuwa pepo siku zote. Wareno waliushambulia mji huu na kuupora au kuuteketeza mara tatu katika karne moja: mwaka 1505, kisha 1528 hadi 1529, kisha 1589. Kila mara watu walikimbia, na kila mara walirudi, wakaondoa majivu, wakajenga upya. Msikiti wa Mandhry, ulio katika Mji wa Kale na ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, ni wa katikati ya misiba hiyo. Maana yake ni kwamba watu waliokwisha kuona mji wao ukiungua bado walikuwa na imani ya kujenga jengo la kudumu. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, ikabadili mikono mara nyingi kwa damu. Ikawa gereza tangu 1895 hata 1958. Ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Na mwaka 2011 ikaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia nzima. Jengo lililowekwa kwa ajili ya kuwatisha watu leo ni mahali pa kuwafundishia watoto. Wakati ukiwa mrefu, hata nyumba hubadilika tabia.

Mji wa Kale wenyewe, kutoka Ndia Kuu hata Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mawe yalitolewa katika mwamba wa kisiwa; chokaa ilichomwa kwa mawe yayo hayo; boriti zililetwa kwa majahazi kutoka mikoko ya upande wa Lamu. Upana wa chumba ulikuwa ukifuata urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Na mbele ya nyumba iko baraza, benchi la mawe lililo nje ya mlango. Baraza ni mali ya mwenye nyumba, lakini kiti chake ni cha apitaye. Wengi katika wazee walio hapa walipata kazi yao ya kwanza kwa kuketi katika baraza ya mtu wasiyemjua, wakaulizwa hali, wakaelekezwa. Hawakutozwa chochote kwa kikao hicho.

Wako pia waliofika hapa pasipo hiari yao. Ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa kaskazini, uko mji wa Freretown, ulioanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua, na watu wa upande wa Ziwa Nyasa. Wengine walikuwa wamelelewa Bara Hindi kabla ya kurudishwa Afrika. Hawa walipoulizwa "Kwenu wapi?" baadhi yao hawakuweza kujibu, maana walitekwa wakiwa watoto wadogo. Walijenga nyumba, shule na kanisa, na kengele yao ya kuwaonya watu juu ya hatari ndiyo iliyopatia jina mahali paitwapo Kengeleni hata leo. Sisi tulio na vijiji vya kurudi tuwakumbuke hao waliolazimika kufanya kwao kupya kwa mikono yao. Mombasa iliwapa ardhi ya kusimama, nao wakaipa Mombasa waalimu, makarani na mafundi.

Mabibi na Mabwana, sasa twafika kwa habari zetu wenyewe. Reli ilianza kutandikwa hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kabla yake wapagazi wa misafara ya bara walikuwa wakikusanyika Mwembe Tayari. Baada yake watu wa bara walianza kushuka kwa gari moshi kutafuta kazi relini na bandarini. Walihitaji mahali pa kulala. Serikali na makampuni yalijenga nyumba chache, nazo hazikutosha. Waliowapokea watu wetu kwa wingi ni wenye nyumba wa Majengo, mtaa uliopanuka katika miaka ya 1920 na 1930, wakati watu walipokuwa wakihamishwa kutoka sehemu zilizotakiwa kwa barabara na maduka.

Nyumba ya Majengo twaijua sote. Kuta zake zilikuwa za boriti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake la makuti, baadaye mabati. Mlango mmoja wa mbele wafungua ukumbi mrefu wa katikati. Vyumba vitatu mkono wa kuume, vitatu mkono wa kushoto. Nyuma ni uwani, penye jiko, choo na kamba za nguo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Katika nyumba moja angeweza kukaa Mdigo, Mkamba, Mluhya, Mjaluo na Mtaita, wote wakitumia uwani mmoja. Hapo ndipo tulipojifunza Kiswahili sawasawa. Hapo ndipo wake zetu waliofika kutoka mashamba walipofundishwa kununua samaki bila kupunjwa, kupika wali wa nazi, na kumpeleka mtoto kwa daktari. Na mara nyingi mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Maana wanawake wengi wa Mombasa walikuwa na nyumba zao wenyewe, wakajikimu kwa kodi ya vyumba.

Nyumba hizo zilikuwa na jambo moja lisilojulikana sana kwa watu wa bara. Nyingi zilijengwa katika ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi; nyumba ilikuwa yake, aliweza kuiuza au kuirithisha, lakini ardhi haikuwa yake. Ndiyo iitwayo nyumba bila ardhi. Kwa miaka mingi mpango huo uliwafaa wote wawili, kwa sababu uliwawezesha watu wenye fedha kidogo kuwa na nyumba mjini. Lakini bei ya ardhi ilipopanda, mwenye ardhi au warithi wake waliweza kuuza kiwanja kwa mtu wa tatu, na mwenye nyumba akabaki na haki ya boriti na mabati yake tu. Hivi ndivyo nyumba kadhaa za Majengo zilivyoondoka na magorofa yakasimama mahali pake.

Twapenda kutoa mfano mmoja, pasipo kutaja jina kwa ajili ya heshima ya jamaa. Alikuwako mama mwenye nyumba katika Majengo, na katika wapangaji wake wanne walipata kuwa wanachama wa Chama hiki. Meli zilipopungua bandarini na vibarua wakakosa kazi, hakumtoa mtu chumbani. Alisema kwamba kodi ina miguu, itakuja. Mpangaji wake mmoja alipokufa usiku, yeye ndiye aliyechemsha maji, akatoa shuka mpya kutoka sandukuni mwake, akaketi na mjane hata Chama kilipofika asubuhi. Gari lile la kumpeleka marehemu kwao limeandikwa katika daftari letu. Shuka ile haikuandikwa popote. Mama huyo amekwisha kufariki. Kiwanja kiliuzwa, nyumba ikavunjwa. Binti yake, ambaye sasa ni mzee, amepanga chumba kimoja cha nyuma huko Mishomoroni, na kodi yake humpita uwezo. Huo ndio ukweli wa jambo tunalolizungumza. Shukrani ikibaki katika maneno, binti huyo hatafaidika nayo.

Wengine watasema: Je, yatupasa kushukuru kila paa tulilolala chini yake? Hapana. Shukrani si kusifu kila kitu. Yako makao yaliyokuwa mabaya, nasi twayajua. Watu walilala wengi katika chumba kimoja, kwa zamu, mmoja akitoka kazini mwingine akiingia kitandani. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, miongoni mwa malalamiko yao makubwa yalikuwa mshahara na kodi ya nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi kiasi cha 15,000 waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili, wakakutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Katika viongozi waliotokea hapo ni Bwana Chege Kibachia, ambaye baadaye mwaka huo alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Watu hao hawakuichukia Mombasa. Walidai kuishi humo kama binadamu. Mtu asiyejali mahali haoni haja ya kupatengeneza, bali huhama tu. Kwa hiyo madai ya haki nayo ni namna ya kupapenda mahali.

Na liko jambo lingine zito, ambalo Halmashauri imeona si vema kulinyamazia mbele ya wazee. Mwezi wa Agosti mwaka 1997, huko Likoni, watu waliokuwa na silaha walivamia kituo cha polisi, kisha wakawashambulia wakaaji waliotoka bara, wakiwaambia warudi makwao. Watu wengi waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu wakakimbia. Wengi walipata hifadhi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Baada ya hapo vijana wengi wa pwani walikamatwa, na jamaa zao nao wakapata taabu. Msiba ule uligusa pande zote mbili. Katika wanachama wetu wako waliopoteza kila walichokuwa nacho. Nao wako waliofungiwa ndani ya vyumba na majirani zao Wadigo, wakaletewa chakula usiku, wakavushwa kwa kivuko wamevaa kanga na kofia za wenyeji wao. Wengine walirudi baada ya mwaka mmoja wakakuta jirani amewatunzia kuku na milango.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili watoto wetu wajue kwamba swali la "Kwenu wapi?" laweza kuwa salamu, na laweza kuwa panga, inategemea moyo wa aulizaye. Ya pili, kwamba wenyeji wa pwani wana malalamiko yao ya kweli juu ya ardhi, na sisi tuliopokewa yatupasa tuwe wa kwanza kuyasikiliza. Wengi wao wameishi juu ya ardhi ya mababu zao pasipo hati hata moja, tangu wakati ambapo ukanda wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na hata baada ya tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru na ukanda huo kuingia katika nchi yetu. Mpangaji mwenye shukrani hamcheki mwenye nyumba asiye na ardhi. Husema, "Shida yako naijua, maana nimelala ndani yake."

Ndugu wanachama, makao yetu yanabadilika tena. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Lile la sasa mwaka 1980. Na tangu hapo wengi wetu tumehamia Kisauni, Mishomoroni na Bamburi, kwa sababu kodi ya kisiwani imetushinda. Wengine wako Mikindani na Miritini. Tangu mwaka 2017 hata gari moshi jipya la Nairobi laishia Miritini, wala haliingii kisiwani. Vijana wetu waweza kufika Mombasa, wakafanya kazi, wakastaafu, pasipo kuketi hata siku moja katika baraza ya Mji wa Kale. Na katika Mji wa Kale wenyewe, ingawa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 umewekwa chini ya ulinzi wa sheria ya majengo ya kale, ziko nyumba zinazobomoka kwa kukosa mtu wa kuzikarabati, kwa sababu warithi ni wengi, fedha ni haba, na fundi wa chokaa si rahisi kupatikana.

Basi Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano huu mapendekezo manne, nayo twaomba yazungumzwe kwa upole na kupigiwa kura.

Kwanza, Chama kiwe na Daftari la Makao. Kila mwanachama aandike humo majina ya mitaa yote aliyokaa tangu afike Mombasa, na jina la mwenye nyumba kama anakumbuka, na jambo moja jema alilotendewa hapo. Wazee wasiojua kuandika wasaidiwe na vijana. Kazi hii haina gharama, nayo itawafaa wajukuu kuliko picha nyingi.

Pili, sehemu ndogo ya michango ya kila mwaka itengwe kwa ajili ya wale waliotupokea, yaani wenye nyumba wazee na warithi wao walioko katika dhiki, bila kuuliza kabila wala dini. Kiasi chake kiamuliwe na Mkutano. Halmashauri yapendekeza wa kwanza awe yule binti wa Majengo tuliyemtaja. Fungu la mazishi lisiguswe. Hakuna anayetaka kuwanyima marehemu haki yao. Lakini twaona mtu asirudishwe kwao kwa heshima ilhali aliyemtunza akiwa hai hana paa.

Tatu, kila mwezi siku moja wanachama wa kila mtaa waungane na majirani kusafisha kisima na mifereji. Maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima yalifika Mombasa mwaka 1957, lakini sote twajua kwamba siku nyingi mifereji hukauka na watu hurudi visimani. Kisima cha msikiti au cha mtaa kimetunywesha pasipo kutuuliza dini. Kukitunza ni deni.

Nne, wanachama walio na nyumba bila ardhi, au wanaopanga kwa watu wenye nyumba za namna hiyo, waletewe mashauri ya sheria. Kwa sasa twawaasa mambo matatu: stakabadhi za kodi ya kiwanja zisitupwe hata zikiwa za miaka ya nyuma, mapatano yaandikwe na kushuhudiwa na wazee wawili, na mwenye nyumba asivunje wala asijenge ukuta mpya pasipo kumwarifu mwenye ardhi kwa maandishi. Neno la mdomoni lilitosha zamani, lakini warithi hawakuwako lilipokuwa likisemwa.

Kabla hatujaketi, twataka kusema neno kwa wazee wetu ambao hawatarudi tena vijijini. Wamo humu ambao ndugu zao wote huko wamekwisha, na mashamba yamegawanywa. Wao huona haya kusema kwamba wangependa kuzikwa hapa. Tuwaondolee haya hiyo. Baharia husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ngama ya mtu yaweza kuwa Changamwe, kama ndiko walikotulia watoto wake. Anayetaka kurudishwa alikozaliwa, Chama kitamrudisha. Anayetaka kulala katika udongo wa Mombasa, Chama kimzike hapa kwa heshima ile ile, na majirani waalikwe kama jamaa, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa.

Twawashukuru wenyeji wa kisiwa hiki, Waswahili, Wamijikenda, Waarabu, Mabaluchi, Mabohora na wengineo, waliotupa baraza, chumba, kisima na lugha. Twashukuru pia vijiji vilivyotuzaa na kutuachilia tuende. Na twamshukuru kila mwanachama aliyempisha mgeni mpya kitanda chake alipokuwa yeye mwenyewe bado mgeni.

Mwenyezi Mungu ayabariki makao yetu ya zamani, ya sasa, na yatakayokuja baada yetu. Sasa twamwomba Bwana Mwenyekiti afungue mazungumzo juu ya pendekezo la kwanza.